Usianzie dibaji: kununua na kusoma vitabu vya siasa

Dibaji ya kitabu cha siasa huandikwa na rafiki wa mwandishi. Jalada huchaguliwa na mchapishaji anayetaka kuuza. Sifa zilizo nyuma ya jalada hutoka kwa watu walioombwa kusifu. Anayenunua kwa kutazama hayo matatu amesikiliza upande mmoja wa kesi na tayari ametoa hukumu. Kurasa zinazokueleza kitabu ni cha namna gani ni zile ambazo wengi huzipita: ukurasa wa haki miliki, shukrani, tanbihi zinazotaja vyanzo, na faharasa, yaani orodha ya majina na mambo pamoja na kurasa zake iliyo mwishoni. Tutaanzia huko, tukiwa bado tumesimama dukani, kisha twende mtaani, mtandaoni, na mwisho kwenye kusoma kwenyewe. Mifano ni ya Tanzania na Kenya, kwa kuwa ndiko vitabu vya siasa vinavyouzwa kwetu vinakotoka kwa wingi.

Dakika kumi dukani

Fungua ukurasa wenye maandishi madogo, ulio nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu. Huo ndio ukurasa wa haki miliki.

Anza na mwaka, na usichanganye chapa na toleo. Chapa mpya ni maneno yaleyale yamepigwa mashine tena. Toleo jipya lina kilichoongezwa au kuondolewa. Kitabu kinachonukia wino leo chaweza kuwa kiliandikwa mwaka 1974. Hilo si kosa, ila mwandishi wake hakujua yaliyokuja baadaye na usimdai maelezo ya mambo hayo. Kikiwa toleo la pili, tafuta maelezo ya kilichobadilika. Yasipokuwepo, jihadhari: kwenye vitabu vya siasa kinachoondolewa kimyakimya mara nyingi ni sentensi iliyomgusa mtu aliye hai na mwenye wakili.

Kisha mchapishaji. Nyumba zenye wahariri, kama Tanzania Publishing House iliyoanzishwa mwaka 1966, au Mkuki na Nyota iliyoanzishwa na Walter Bgoya mwaka 1991, humbana mwandishi kuhusu majina, tarehe na madai yanayoweza kufika mahakamani. Aliyejichapishia hana wa kumbana. Usimdharau kwa hilo, kwa sababu kuna mambo ambayo nyumba kubwa haziyagusi, lakini kazi ya mhariri itabidi uifanye wewe msomaji.

Mwenye haki miliki ni nani? Kama ni mwandishi, sawa. Kama ni wakfu, chama au familia ya mtu anayeandikwa, umeshajua nani alikuwa na neno la mwisho kabla kitabu hakijaenda mtamboni.

Namba ya ISBN, ile ya kukitambulisha kitabu, nayo ina maneno yake. Tangu mwaka 2007 ina tarakimu 13, kabla ya hapo zilikuwa 10. Baada ya 978 hufuata namba ya nchi au lugha: 9976 na 9987 ni Tanzania, 9966 na 9914 ni Kenya, 9970 ni Uganda. Ikifuata 0 au 1, mchapishaji amesajiliwa kwenye nchi za Kiingereza kama Uingereza au Marekani. Kitabu kinachojitaja kuwa cha mwaka 1995 huku kikiwa na tarakimu 13 kimechapwa upya karibu na 2007 au baadaye, hata kama hakisemi.

Shukrani zisome zote, hata zikiwa kurasa tatu. Humo ndimo utakapomkuta aliyeandika hasa, kwa maneno kama "aliyenisaidia kuyapanga mawazo yangu". Wanasiasa wengi hawaandiki vitabu vyao wenyewe na si aibu. Kinachofaa kujulikana ni kama msaidizi alikuwa mwandishi wa habari, mtoto wake au msemaji wake wa zamani. Tazama pia waliohojiwa. Wasifu wenye mahojiano 60, yote na watu wa kambi moja, una sauti moja iliyorudiwa mara 60.

Mtihani wa faharasa

Hiki ndicho kipimo kinachookoa pesa kuliko vyote. Kabla ya kwenda dukani andika kwenye simu majina na matukio kumi ambayo kitabu cha kipindi hicho hakiwezi kuyakwepa kwa haki. Ukikishika, nenda nyuma kwenye faharasa uyatafute.

Kwa Kenya orodha yaweza kuwa hivi: Pio Gama Pinto aliyeuawa 1965, Tom Mboya na matukio ya Kisumu 1969, J.M. Kariuki 1975, mauaji ya Wagalla 1984, Robert Ouko 1990, kashfa za Goldenberg na Anglo Leasing, uchaguzi wa 2007. Kwa Tanzania: maasi ya jeshi ya Januari 1964, Abdallah Kassim Hanga, Oscar Kambona, operesheni ya vijiji, Azimio la Zanzibar la 1991, mauaji ya Pemba Januari 2001, kashfa za EPA na Richmond.

Usitazame jina lipo au halipo tu. Tazama lina kurasa ngapi. Aliyekuwa waziri mwaka 1984 akiipa Wagalla nusu ukurasa na ufunguzi wa kiwanda kurasa sita, umeshapata habari muhimu kabla hujalipa hata senti. Na kinyume chake kipo. Benjamin Mkapa, katika kumbukumbu zake zilizotoka mwaka 2019, aliyataja mauaji ya Pemba na kukiri kwamba ni doa kwenye uongozi wake. Kumbukumbu za Ali Hassan Mwinyi zilizotoka mwaka 2021 zina mahali pake pa kupimia: alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya mateso na vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa dola huko Mwanza na Shinyanga. Ukiwa na kitabu hicho mkononi, fungua hapo kwanza, halafu ndipo urudi kwenye utoto wake.

Kitabu kisicho na faharasa hakijafeli papo hapo, maana vitabu vingi vya Kiswahili havina, na sababu ni gharama. Hapo pitia yaliyomo na vichwa vya sura ukitafuta miaka iliyorukwa. Sura ya 7 ikiishia 1972 na ya 8 ikaanza 1977, jiulize miaka mitano ile mwandishi alikuwa wapi.

Tanbihi hazihitaji muda. Fungua sura moja ya katikati uhesabu. Hotuba, Hansadi (kumbukumbu za mijadala ya bunge), barua za kumbukumbu za taifa na magazeti yenye tarehe ni dalili njema. "Mahojiano na afisa mmoja" yakijirudia kila ukurasa, dai ni la mwandishi peke yake.

Mwisho wa ukaguzi ni mwili wa kitabu. Kurasa hufungwa kwa mafungu, aghalabu ya 16 au 32, kwa hiyo kiwandani likikosewa jambo, kinachopotea au kurudiwa ni fungu zima. Pitisha kidole gumba pembeni ukitazama namba za kurasa, hasa karibu na picha za katikati. Kazi za juzuu nyingi zina mtego mwingine: wasifu wa Nyerere ulioandikwa na Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, uliotoka mwaka 2020, una juzuu tatu. Hakikisha umekabidhiwa ya kwanza, ya pili na ya tatu, wala si ya pili mara mbili.

Vitabu vya msimu

Miezi michache kabla ya uchaguzi maduka hujaa vitabu vyembamba vyenye karatasi ya kung'aa, picha za rangi, vichwa vya "maono" na "safari", na bila tanbihi hata moja. Ni matangazo yenye bei. Vina faida moja tu: humo kuna ahadi zilizoandikwa. Ukitaka ahadi, ilani ya chama husika hupatikana bure na ndiyo inayomfunga.

Mtaani: inama na mitumba

Nairobi wanaviita "inama", kwa kuwa kitabu kimetandazwa chini na lazima uiname kukichagua. Dar es Salaam vitabu vya mtumba hutandazwa pembezoni mwa barabara za katikati ya mji, Samora na Posta. Huku ndiko vinakopatikana vilivyokwisha madukani: hotuba za miaka ya 1960 na 1970, vijitabu vya chama, matoleo ya kwanza yenye jina la mwenyewe wa zamani kwa wino wa bluu. Bei haina kanuni, na muuzaji husoma uso wako. Ukikikumbatia kitabu umeshalipa zaidi. Kikague, taja kasoro zake, ndipo utaje bei:

"Kaka, hiki bei gani?"

"Elfu ishirini, bosi wangu. Hiki hukipati kokote."

"Picha za katikati hazipo, tazama palivyong'olewa. Na faharasa imeishia herufi M. Nina elfu nane."

"Aah, weka hata kumi na mbili tufunge hesabu."

Kumi ikimtosha, mpe. Isipomtosha, ondoka pole pole. Mara nyingi utaitwa. Asipokuita, pengine bei yake ilikuwa ya haki.

Nakala bandia ndizo zinazouma. Si fotokopi tu za zamani zenye weusi pembeni, siku hizi zinachapwa vizuri. Zitambue hivi. Picha zina madoa na nyuso zimekuwa nyeusi, kwa sababu zimepigwa kutoka kwenye ukurasa uliokwisha kuchapwa. Mistari imeinama kidogo kwenda kulia au kushoto. Maandishi yamesogea mno karibu na mgongo, kwa kuwa karatasi imekatwa kuliko asili. Jalada ni laini na rangi yake imefifia. Gundi ya mgongo hukatika ukifungua katikati. Kipime kwa kukifungua kurasa tatu tofauti, si kwa kukipinda, maana muuzaji naye ana haki ya mali yake. Hasara ya nakala bandia inazidi kumnyima mwandishi haki yake: wanaodurufu huacha kurasa, na za kwanza kuachwa ni tanbihi na faharasa kwa kuwa "hazisomwi". Umenunua kitabu cha siasa kilichotolewa meno.

Neno "kimepigwa marufuku" mtaani ni mbinu ya kuuzia. Liamini ukiona tangazo la serikali. Kutokuwepo dukani kuna sababu nyingine nyingi. Kitabu cha Michela Wrong kuhusu John Githongo, aliyefichua kashfa ya Anglo Leasing, kilipotoka mwaka 2009, wauza vitabu wa Nairobi waliogopa kukiweka rafuni kwa hofu ya kushtakiwa. Kiliuzwa kwa njia za pembeni bila amri yoyote ya kukizuia. Woga huo ni habari kuhusu wauza vitabu. Kuhusu ukweli wa kilichoandikwa hauthibitishi lolote.

Mtandaoni

Kuna masoko matatu, na kila moja lina matatizo yake.

La kwanza ni wauzaji wa Instagram na WhatsApp. Kabla ya kulipa omba picha nne: jalada, ukurasa wa haki miliki, ukurasa wa mwisho wa faharasa, na mgongo ukionekana kwa juu. Zipigwe siku hiyo, kukiwa na karatasi yenye tarehe pembeni. Picha za jalada peke yake huokotwa popote. Lipa kwa Lipa Namba au Till badala ya namba ya mtu binafsi, na kabla ya kuweka namba ya siri soma jina la biashara linalojitokeza. Lisipofanana na la duka, acha. Kitabu kikitumwa mkoani kwa basi, omba picha ya risiti ya mzigo yenye namba ya basi na simu ya ofisi ya kupokelea. Mizigo midogo isiyo na simu ya mpokeaji hukaa stendi wiki nzima huku kila mmoja akimlaumu mwenziwe. Anayekuuzia "softikopi" ya kitabu kipya kwa elfu mbili anauza wizi, na mara nyingi ni skani isiyotafutika maneno.

La pili ni maduka ya nje. African Books Collective ya Oxford huuza vitabu vya wachapishaji wa Kiafrika, na wengi walio Muscat, London au Toronto hupata hapo kwa urahisi kuliko kuagiza Dar. Nakala nyingi huchapwa pale unapoagiza, hivyo karatasi yaweza kutofautiana na ya dukani kwetu. Hiyo haina maana kwamba ni bandia. Kwa vitabu vilivyokwisha tumia AbeBooks, tovuti ya vitabu vya mtumba, ila jifunze lugha yao: "Good" maana yake kimechakaa kiasi, "Fair" kimechoka, na "ex-library" kilikuwa cha maktaba, kina mihuri na pengine ukurasa wa mbele umeng'olewa. Soma gharama za kusafirisha kabla ya bei ya kitabu, kwa sababu juzuu tatu zenye jalada gumu zaweza kugharimu usafiri kuliko zenyewe. Ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa vitabu vilivyochapwa ni asilimia 0, lakini kampuni ya kusafirisha hutoza huduma yake. Kwenye anwani andika namba ya simu hata kama una sanduku la posta.

La tatu ni vitabu vya kielektroniki. Ukinunua Kindle unanunua ruhusa ya kusoma, na Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kukipakua kwenye kompyuta na kukihamisha kwa waya. Kwa kitabu utakachokirejea miaka kumi, karatasi ni salama zaidi. Faida ya kielektroniki ni kutafuta. Pakua sampuli ya bure, au tumia Google Books, ambako waweza kutafuta neno ndani ya vitabu vingi kabla ya kununua. Mtihani wa faharasa utaufanya umelala kitandani. Tafuta kila jina kwa sura zake zote: Nyerere, Julius, Kambarage, Mwalimu, Odinga, Oginga, Jaramogi. Kutafuta moja tu hukudanganya kwamba hayupo.

Jihadhari na vitabu vilivyokusanywa na mashine. Kiongozi akifariki leo, wiki ijayo kutakuwa na "wasifu" wake wa kurasa 70, herufi kubwa, bila mchapishaji, na mwandishi wake ametoa vitabu ishirini mwaka huu kuanzia mapishi hadi kisukari. Bonyeza jina la mwandishi uone orodha yake. Hapo panatosha.

Vya bure kwanza

Kabla ya kununua kitabu kuhusu uchaguzi wa Kenya wa 2007, soma ripoti ya Kriegler na ya Waki, zote za mwaka 2008. Kuhusu ardhi ipo ya Ndung'u ya 2004, na kuhusu dhuluma tangu uhuru ipo ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013. Vitabu vingi vimezitafuna ripoti hizo na kutema sehemu tu. Kwa Tanzania, anayesoma kuhusu vyama vingi aanzie ripoti ya Tume ya Nyalali. Ataona kwamba walio wengi waliohojiwa walitaka chama kimoja kibaki, na bado tume ikapendekeza vyama vingi. Ukishajua hilo, mwandishi anayekuambia "wananchi walidai vyama vingi" au "wazungu walitulazimisha" utampima kwa kipimo chako.

Hukumu za mahakama zipo bure Kenya Law na TanzLII, na Hansadi zipo kwenye tovuti za mabunge. JSTOR, hazina ya makala za kitaaluma, huruhusu kusoma makala 100 kila siku 30 kwa akaunti ya bure. WorldCat hukuonyesha maktaba yenye kitabu. Kwa vya zamani mno, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa Afrika Mashariki, na Maktaba Kuu ya Taifa iko mtaa wa Bibi Titi Mohamed.

Kusoma viwili viwili

Kitabu kimoja cha siasa ni nusu ya mazungumzo. Tafuta anayejibizana nacho, uvisome kwa kupishanisha sura. Jaramogi Oginga Odinga alitoa chake mwaka 1967 baada ya kutoka KANU, na hotuba za Jomo Kenyatta zikakusanywa kitabuni mwaka 1968. Mwaka wa 1965 na 1966 kwenye vitabu hivyo ni kama nchi mbili. Kwa Zanzibar kuna kazi ya G. Thomas Burgess ya 2009 iliyowaweka Ali Sultan Issa na Seif Sharif Hamad ndani ya jalada moja, kila mtu na simulizi yake, na waliona Mapinduzi kwa macho tofauti kabisa. Ukianzia hapo, kisha ukamsoma Harith Ghassany wa 2010 na maandishi rasmi ya ASP, chama cha Afro-Shirazi, utajua nani anamjibu nani.

Usisome viwili kwa siku zilizoachana sana. Wiki mbili zikipita utakuwa umekumbuka hasira ya mwandishi na kusahau hoja yake.

Tarehe humnasa mwongo, na mzembe pia

Weka tarehe chache kichwani uzitumie kama bisibisi ya umeme: ukigusa, taa inawaka. Muungano ni 26 Aprili 1964, na jina Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huo. CCM ilizaliwa 5 Februari 1977, kwa hiyo hakuna kikao cha CCM mwaka 1975. Daily News ilianza mwaka 1972 kwa kuunganisha The Standard na The Nationalist, kwa hiyo tanbihi ya "Daily News, 1968" haiwezi kuwa kweli. Nyerere aliacha uwaziri mkuu Januari 1962 na Rashidi Kawawa akaushika, na urais ulikuja 9 Desemba 1962. Kenya iliandika chama kimoja kwenye katiba Juni 1982 na kufuta kifungu hicho Desemba 1991. Miaka kati ya 1969 na 1982 ilikuwa ya chama kimoja kwa hali halisi, bila sheria, na mwandishi asiyetofautisha hayo mawili hajasoma katiba.

Kosa moja ni la mchapaji. Matatu kwenye sura moja ni tabia.

Kitenzi kisicho na mtendaji

Sasa shika penseli. Kiswahili cha siasa kimejaa vitenzi vya kutendwa, na humo ndimo watu hujificha. "Iliamuliwa." "Alipangiwa kazi nyingine." "Walichukuliwa hatua." "Alishauriwa kupumzika." Kila ukikuta kitenzi cha namna hiyo bila "na" baada yake kukuambia ni nani, andika pembeni: *nani?* Ukimaliza sura, hesabu. Sura ya utoto huwa na mbili tatu. Sura ya mwaka ambao watu waliwekwa kizuizini huwa na thelathini. Hapo ndipo penye siri, na ndipo utakapokwenda kutafuta Hansadi au kitabu cha upande wa pili.

Ndugu yake ni "tu-". "Tulikubaliana", "tuliona", "tulilazimika". Tu ni nani na nani? Chama, baraza la mawaziri, kabila, au watu wawili chumbani? Mwandishi mzuri hukuambia mara ya kwanza. Mwingine huwapanua na kuwapunguza hao "sisi" kama mpira: penye sifa ni yeye, penye lawama ni taifa zima.

Na majina ya kubandika: "wachochezi", "vibaraka", "wenye nchi", "vyombo vya dola". Badilisha kila mojawapo kwa majina ya watu halisi. Sentensi ikibaki na maana, sawa. Ikivunjika, ilikuwa kelele.

Rudi kwenye andiko lenyewe

Azimio la Arusha linasifiwa na kulaaniwa na watu wengi ambao hawajalisoma, ingawa ni fupi na lina sehemu tano: imani ya TANU, siasa ya ujamaa, siasa ya kujitegemea, uanachama, na azimio lenyewe. Muhtasari wa vitabu husema viongozi walikatazwa hisa, ukurugenzi wa makampuni ya kibepari, mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Ni kweli. Lakini nenda sehemu ya tano usome hadi chini, pale "kiongozi" anapoelezwa: ni mtu pamoja na mkewe, au mwanamke pamoja na mumewe. Kwa mstari huo mlango wa kuandikisha nyumba kwa jina la mke ulifungwa, na ndio uliowauma wengi. Ukiujua, sura ya Azimio la Zanzibar la 1991, lililolegeza masharti hayo, inasomeka tofauti kabisa.

Na soma la Kiswahili. Azimio lilijadiliwa na kutolewa kwa Kiswahili. Nyerere alipoliweka kwenye mkusanyiko wake wa Kiingereza wa 1968, aliongeza maelezo kwamba hiyo ni tafsiri iliyosahihishwa, kwa sababu tafsiri ya kwanza ilikuwa na utata. Kwa hiyo anayebishana juu ya neno moja la Azimio kwa kunukuu Kiingereza, muulize kwanza: tafsiri ipi?

Daftari na kurasa za mwisho

Gawa ukurasa wa daftari safu tatu: tarehe na ukurasa wa kitabu, anachodai, na nani mwingine anasema hivyo. Safu ya tatu iache wazi hadi umpate. Usiandike muhtasari wa sura nzima, utachoka kwenye sura ya tatu. Andika madai ambayo ungeyarudia mbele za watu, yapate matano au sita kwa sura. Kurasa 25 hadi 30 kwa siku zinatosha. Kitabu cha kurasa 300 kitaisha ndani ya siku kumi na mbili, ukiwa bado na hamu nacho.

Kama hakina faharasa, kitengenezee. Kwenye karatasi tupu ya mwisho andika kwa penseli majina na matukio kumi na tano hadi ishirini pamoja na kurasa zake, kadiri unavyosoma. Kalamu ya wino hupenya karatasi za siku hizi na kuharibu upande wa pili. Siku utakayokirudisha Samora kukiuza, muuzaji atayaonyesha maandishi hayo kwa kidole na kukukata elfu tatu. Mwambie ayafute mwenyewe kama hayataki, halafu tazama kama atayafuta.